Pezi likikwama ukiwa chini: tunavyopima hatari za usukani wa vyombo vya chini ya maji, na jedwali linavyotudanganya

#1 · Tezi_na_Omo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu Titan, kile chombo cha kupeleka watu kwenye mabaki ya Titanic, ipondeke tarehe 18 Juni 2023, mijadala humu imekuwa ya bodi (ganda la chombo) tu: kaboni, gundi, mgandamizo. Sawa, bodi ndiyo iliyoua watu watano. Ila mwaka mmoja kabla, chombo hicho hicho kikiwa chini karibu na mabaki ya Titanic, kilipatwa na jambo ambalo watu wa usukani hatujalisahau. Rubani anasukuma kwenda mbele, chombo kinazunguka palepale. Kumbe mota moja ya kusukuma ilifungwa kinyume. Wakakaa karibu mita 3,800 chini wakibadilisha kazi za vitufe kwenye kidhibiti cha mkononi, kulia ikawa ndiyo mbele, mpaka wakaweza kusogea. Timu ya televisheni ilikuwa inarekodi safari ile, kwa hiyo hii si hadithi ya kijiweni.

Sasa nawauliza: kosa hilo ungelipatia alama ngapi kwenye jedwali la hatari? Halikuua mtu, halikuvunja kitu, na mtu mmoja akiangalia rafadha inazunguka upande gani kabla chombo hakijashushwa angelikamata.

Mimi ni fundi wa vyombo visivyo na mtu ndani, kwenye meli za kupima sakafu ya bahari, kwanza Ghuba na baadaye pwani yetu. Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kwamba ile njia tunayofundishwa, ya kutoa alama tatu na kuzizidisha, huwa inaisukuma chini hatari ambayo ilipaswa kukaa mstari wa kwanza. Nitashusha kwa vipande. Msinikatishe hadi kipande cha tatu (najua hamtasikia).

KIPANDE CHA KWANZA: usukani wa huko chini

Usukani wa gari ukikaza unakanyaga breki, unateremka, unapiga simu. Chini ya maji hakuna pembeni ya barabara. Tena usukani wa kule ni wa pande mbili: kushoto na kulia, halafu juu na chini. Huu wa juu na chini ndio unaoua.

Vyombo vingi vyenye umbo la torpido vina mapezi manne mkiani. Kuna mpangilio wa msalaba: mapezi mawili yaliyolala huinua au kuinamisha pua, mawili yaliyosimama hugeuza. Kuna mpangilio wa X: yote manne yamekaa kimshazari, na kila pezi linachangia kupanda, kushuka na kugeuka kwa pamoja. Marekani waliujaribu X kwenye nyambizi ya utafiti Albacore miaka ya 1960, na leo uko kwenye nyambizi za Sweden, Uholanzi, Ujerumani na Australia. Vipo visivyo na mapezi kabisa. Bluefin-21, ile iliyotumwa kuitafuta ndege ya MH370 kusini mwa Bahari ya Hindi mwaka 2014, inapinda rafadha yenyewe pamoja na pete yake. Na ROV, zile zinazoshushwa na waya kutoka melini, zinategemea mota kadhaa za kusukuma zilizotazama pande tofauti.

Nyuma ya kila pezi kuna mlolongo. Kompyuta inatoa amri, umeme unaenda kwenye mota ndogo, mota inazungusha gia, gia inazungusha shafti, shafti inapita kwenye sili (kizuizi cha maji) kutoka nje majini, na sensa (kihisio) inarudisha taarifa kwamba pezi liko nyuzi ngapi. Kwenye nyambizi kubwa badala ya mota ndogo utakuta haidroliki: pampu, valvu, mabomba, silinda. Mota na gia za vyombo vya kina kirefu mara nyingi zinakaa ndani ya mafuta yanayolingana mgandamizo na bahari ya nje, maana kila mita 10 za maji zinaongeza kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mita 4,500 ni kilo 450 hivi. Kasha la hewa la kuhimili hiyo linakuwa zito, la mafuta linaweza kuwa jepesi. Lakini maji yakianza kupenya kidogokidogo kwenye yale mafuta, unaweza usijue hadi safari ya tatu au ya nne.

Na kila kiungo kina namna yake ya kuharibika. Mshipi wa wavuvi unajisokota kwenye shafti. Punje ya mchanga imekaa chini ya oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji. Kiunganishi kimeingia chumvi. Gia imelegea. Sensa inasema nyuzi sifuri wakati pezi liko nyuzi nne. Au mtu kagusa programu, kujumlisha kukawa kutoa, na pezi linapinda vizuri kabisa upande usiotakiwa.

#2 · Chuma_Chakavu

Nimeweka kiti. Ila mkuu, nchi ambayo vivuko tu vinatutoa jasho, sisi na nyambizi wapi na wapi?

#3 · Tezi_na_Omo

Chuma, Mei 2024 intaneti ilipolala Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ndizo zilizokuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Njia za nyaya kama hizo hupimwa na vyombo hivi hivi, na kwenye kuzika na kutengeneza ROV zinatumika sana. Visima vya gesi vilivyochimbwa mbali huko Lindi na Mtwara, vingine viko kwenye maji ya karibu mita 2,500. Hakuna mzamiaji anayefika huko. Kila vali iliyoguswa kwa mkono, mkono ulikuwa wa chuma.

Naendelea.

KIPANDE CHA PILI: alama tatu

FMEA, yaani uchambuzi wa namna vifaa vinavyoharibika na athari zake, ilizaliwa kwenye jeshi la Marekani mwaka 1949. Unaorodhesha kila namna ambayo kifaa kinaweza kuharibika, halafu kwa kila namna unajiuliza: athari yake ni kali kiasi gani, inatokea mara nyingi kiasi gani, na ni vigumu kiasi gani kuigundua mapema. Kila swali linapewa alama 1 hadi 10. Baadaye watu wa viwanda wakazoea kuzizidisha zote tatu wapate namba moja ya kupangia foleni, kubwa kabisa ikiwa 1,000.

Chukua mfano wangu wa karatasini. Namna ya kwanza: pezi la kulala limekwama likiwa limeinamisha pua. Ukali 10, uwezekano 2, ugumu wa kugundua 3. Ukizidisha, 60. Namna ya pili: sensa ya mwelekeo ina kelele, chombo kinayumbayumba kushoto kulia na ramani inatoka mbaya. Ukali 4, uwezekano 7, ugumu wa kugundua 4. Ukizidisha, 112.

Kwenye foleni, kuyumbayumba kunatangulia. Fedha na saa za fundi zinaenda huko. Pezi la kukwama linasubiri, na ikiwa bosi kaweka kikomo kwamba kila kilicho chini ya 100 hakihitaji hatua, linasubiri milele.

Zile alama ni za kupanga daraja tu, kama nafasi za darasani. Wa pili si nusu ya wa nne. Kuzizidisha ni kuzipa uzito usiokuwepo. Hata ile 1 hadi 1,000 inadanganya: ukijaribu michanganyiko yote, matokeo tofauti yanayoweza kutokea ni 120 tu. Kingine chote ni nafasi tupu. Watengenezaji wa magari wa Marekani na Ujerumani walipounganisha mwongozo wao mwaka 2019 waliachana na lile zao la kuzidisha, wakaweka ngazi ya kipaumbele inayoangalia ukali kwanza. Sisi wa majini wengi bado tunazidisha.

#4 · Binti_Pangani

Shikamoo kaka Tezi. Uzi umenikuta nikiwa na kazi kama hii mkononi. Niko mwaka wa mwisho uhandisi, kikundi chetu kinatengeneza chombo kidogo, urefu mita moja na nusu, mapezi manne ya X, kila pezi na servo yake (mota ndogo ya kulipinda). Tutakijaribu kwenye maji ya mita 15 hivi. Msimamizi anataka FMEA yenye zao. Servo kukwama nilikuwa nimeipa ukali 9, lakini kwa kuwa kwenye X mapezi matatu yanaweza kumfidia mwenzao nikashusha hadi 5. Uwezekano 3, kugundua 3. Imetoka 45. Hiyo si sahihi? Maana kwenye msalaba ingekuwa kweli 9.

#5 · Tezi_na_Omo

Marahaba dada. Kabla ya kushusha ukali, nijibu haya.

Servo nne zinakula umeme kutoka wapi? Kama ni njia moja ya betri yenye fyuzi moja, servo iliyokwama inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, fyuzi inakatika, na zile tatu za kufidia zinakufa pamoja naye. Amri zinatoka kwenye kompyuta ngapi? Servo umezinunua kwenye boksi moja, umezifunga mtu mmoja, siku moja, kwa oringi za pakiti moja? Basi chochote kilichoiingiza maji ya kwanza kinaelekea kwenye ya pili.

Tuseme, kwa mfano tu, servo moja ina nafasi moja katika 1,000 ya kuharibika kwenye safari. Mbili kwa pamoja, zikiwa hazijuani kabisa, ni moja katika milioni. Namba hiyo inapendeza sana kwenye ripoti. Ila ukikubali kwamba sehemu moja tu kati ya kumi ya uharibifu inatokana na sababu ya pamoja, umerudi kwenye moja katika 10,000. Mara mia mbaya zaidi, na hujagusa servo yenyewe. Ndiyo maana mtu akiniambia "tuna mbadala" huwa naomba mchoro wa waya kabla ya kitu kingine.

Halafu la muhimu kuliko hayo: programu yenu inajua kwamba pezi limekwama? X haifidii chochote kwa kuwapo tu. Kompyuta lazima igundue pezi namba fulani halitii, ilitoe kwenye hesabu, na kugawa upya kazi kwa matatu yaliyobaki. Isipojua, itaendelea kulipigia hesabu pezi mfu. Na X ina gharama yake: kwa kuwa kila pezi linafanya kila kitu, mtu kuliendesha kwa mkono bila kompyuta ya kuchanganya amri ni kazi ngumu. Msalaba ni mjinga, lakini mjinga anaeleweka.

Sensa yenu imekaa wapi, kwenye mota au kwenye shafti ya pezi?

#6 · Binti_Pangani

Ndani ya servo, kwenye mota. Zimekuja nazo.

#7 · Tezi_na_Omo

Basi gia ikivunjika meno, sensa itakwambia pezi limefika nyuzi 15 sawasawa na amri, wakati pezi lenyewe linapepea na maji. Kwenye safu ya kugundua hiyo si 3. Weka kisensa kwenye shafti ya nje, au kama bajeti hairuhusu, linganisha amri na jinsi pua inavyoitikia: nimeamuru kuinuka, mbona pua haiinuki?

#8 · Mzee_wa_Grisi

Vijana, hamjambo. Mimi chumba cha injini cha meli za mizigo, nimestaafu. Nimesoma yote haya nikicheka kidogo. Sisi hatukuwa na mambo ya kuzidisha. Tulikuwa na saa.

Kanuni za SOLAS, zile za kimataifa za usalama wa meli, ziko wazi. Usukani wa meli utoke nyuzi 35 upande mmoja hadi nyuzi 30 upande wa pili ndani ya sekunde 28, meli ikiwa imezama hadi mstari wake wa mzigo na iko kwenye mwendo wake wa juu wa kwenda mbele. Usukani ujaribiwe ndani ya saa 12 kabla ya kuondoka. Zoezi la usukani wa dharura kila miezi mitatu, mtu anashuka kule tezi (nyuma ya meli), anashika valvu kwa mkono, anaongea na daraja (chumba cha kuongozea meli) kwa simu. Hapo ndipo unajua kama simu inafanya kazi. Mara ngapi tumekuta simu imekufa na hakuna aliyejua! Jedwali lako lina safu ya simu, bwana Tezi?

#9 · Tezi_na_Omo

Shikamoo mzee. Safu ya simu nitakujibu kwa kisa kizima, na ndicho kipande changu cha tatu.

KIPANDE CHA TATU: sekunde

Tarehe 11 Februari 1969 nyambizi ya Marekani Chopper, ya zama za vita kuu ya pili, ilikuwa mazoezini karibu na Cuba. Umeme ukakatika ghafla. Pua ikainama na chombo kikaanza kuzama kwa mshazari mkali. Afisa wa zamu akataka injini zirudishwe nyuma, lakini mawasiliano na chumba cha uendeshaji wa mota nayo yalikuwa yamekufa. Kilichosaidia ni kwamba fundi wa kule chini hakusubiri amri, alirudisha nyuma mwenyewe. Matangi yakapulizwa hewa. Pua inakadiriwa ilifika kama mita 300, kina ambacho bodi ile haikujengewa, kisha nyambizi ikageuka na kuchomoka juu ikiwa karibu imesimama wima. Wote walipona. Nyambizi iliondolewa kazini mwaka huo huo.

Hakuna pezi lililovunjika pale. Kitu kimoja, umeme, kiliondoa usukani na simu kwa mpigo. Kwenye FMEA ya kawaida vingekuwa kwenye kurasa mbili tofauti, kila kimoja na alama yake ya wastani.

Sasa hesabu. Nyambizi inayokwenda noti 20 (maili 20 za bahari kwa saa) ni kama mita 10.3 kwa sekunde. Pezi la mkia likikwama na pua ikainama nyuzi 20, inashuka mita tatu na nusu kila sekunde. Nusu dakika, zaidi ya mita 100. Ndiyo maana majeshi ya majini yana mchoro wa mipaka: kwenye kina hiki usizidi mwendo huu, kwenye mwendo huu usishuke chini ya hapa, ili pezi likikwama kuwe na nafasi ya kujiokoa kabla ya kufika kina cha kupondeka. Na unapojiokoa unaanza na mwendo, maana nguvu ya pezi inafuata mraba wa kasi. Punguza kasi nusu, pezi lililokwama linabaki na robo ya nguvu. Ndipo injini nyuma, mapezi mengine kinyume, hewa kwenye matangi ya mbele.

Kwa hiyo kwenye safu ya kugundua mimi siweki tena 1 hadi 10. Naweka sekunde mbili: sekunde za kugundua pamoja na kuchukua hatua, na sekunde zilizopo kabla ya kugonga au kupondeka. Ya kwanza ikizidi ya pili, sijali uwezekano ni mdogo kiasi gani, mstari huo unakwenda juu.

Binti, wewe unaenda mwendo gani, na juu ya sakafu mita ngapi?

#10 · Binti_Pangani

Mita moja na nusu kwa sekunde, mita tano juu ya sakafu.

#11 · Tezi_na_Omo

Pua ikiinama nyuzi 30 unashuka sentimita 75 kwa sekunde. Una sekunde sita na kitu. Programu yenu inakagua hitilafu kila baada ya muda gani?

#12 · Binti_Pangani

Kila sekunde mbili, na inahitaji kuona kosa mara tatu mfululizo ndipo iamini. Tuliweka hivyo kwa sababu ya kelele za sensa.

Sekunde sita.

#13 · Kichwa_Ngumu

Naomba nipinge. Mleta uzi anazitupa alama zote tatu kwenye sekunde na ukali, anaidharau safu ya uwezekano kabisa. Nafanya kazi ya takwimu kwenye kampuni ya bima (sitaji ipi). Ukipanga kila kitu kwa ukali peke yake, utamaliza bajeti kuzuia vimondo. Pezi linakwama mara chache mno, sensa inasumbua kila wiki, na safari zilizoharibika kwa sababu ya ramani mbaya ni hasara halisi inayolipwa kwa fedha halisi. Tena ugonjwa wa Binti hapo juu umetoka wapi? Kelele za sensa! Ndizo zilizomlazimisha kusubiri mara tatu. Kwa hiyo ile 112 uliyoidhihaki ilistahili kuwa juu.

#14 · Tezi_na_Omo

Kichwa, hoja ya kelele naichukua mzima mzima. Jedwali haliwezi kuonyesha kwamba mstari wa 112 unaulisha mstari wa 60, kwa sababu linasoma kila mstari peke yake. Hapo ndipo unahitaji mti wa hitilafu, ule uliobuniwa kwenye maabara ya Bell Labs mwaka 1962 kwa ajili ya makombora ya Marekani ya Minuteman: unaanza na tukio baya juu kabisa, "chombo kimegonga sakafu", unashuka ukiuliza ni nini lazima vitokee kwa pamoja, na ni nini kinatosha peke yake. Kelele ya sensa ingejitokeza kwenye tawi la "haikugunduliwa kwa wakati".

Ila kwenye fedha sikubaliani nawe. Hasara ya kila wiki ipange na hasara za kila wiki. Kupoteza chombo kupange kwenye orodha yake. Ukizichanganya kwenye foleni moja, ya kila wiki itashinda daima kwa sababu ndiyo yenye ushahidi.

Na kuhusu uwezekano, kuna watu walioufanyia kazi vizuri kuliko zao la kuzidisha, na kazi yao ilitokana na msiba wa kifaa.

KIPANDE CHA NNE: Autosub

Februari 2005 Waingereza walipoteza Autosub2, chombo chao kisicho na mtu ndani, chini ya rafu ya barafu (barafu nene ya nchi kavu inayoelea juu ya bahari) ya Fimbul, Antaktika. Chombo kiliingia chini ya barafu na hakikutoka. Hakuna aliyeweza kwenda kukiona, kwa hiyo uchunguzi ulibaki kwenye rekodi za safari za nyuma na hoja. Sababu mbili zilionekana kuelekea zaidi: umeme kukatika, au chombo chenyewe kutoa amri ya kusitisha safari.

Soma tena hiyo ya pili. Amri ya kusitisha ni kifaa cha usalama. Kwenye bahari ya wazi, mambo yakiharibika chombo kinaacha kila kitu na kupanda juu. Chini ya barafu, kupanda juu ni kwenda kubanana na dari ya barafu, mahali ambapo huwezi kukichukua.

Walipoandaa Autosub3, watafiti Gwyn Griffiths na Mario Brito na wenzao walikusanya historia ya hitilafu halisi za chombo, wakawaita wataalamu na kuwauliza juu ya kila hitilafu: hii ikitokea kwenye bahari ya wazi, nafasi ya kupoteza chombo ni ipi? Karibu na pwani je? Chini ya barafu ya bahari? Chini ya rafu ya barafu? Hitilafu moja, majibu manne tofauti. Kutokana na hapo wakachora mkunjo wa uhai: kadiri umbali unavyoongezeka, nafasi ya chombo kuwa bado kizima inashukaje. Mwenye chombo akaulizwa ni hatari kiasi gani anaikubali kabla ya safari, badala ya kulaumiana baada yake. Januari 2009 Autosub3 ilifanya safari sita chini ya barafu ya Pine Island, huko huko Antaktika, jumla karibu kilomita 500, na ikarudi.

Sisemi njia hiyo inazuia kupotea. Ran, chombo cha Chuo Kikuu cha Gothenburg, kilipotea chini ya rafu ya Dotson Januari 2024 baada ya kuwa kimechora chini ya barafu hiyo ramani ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Lakini angalau mtu anaingia akijua anacheza na nini.

#15 · Chuma_Chakavu

Kumbe kifaa cha kukuokoa ndicho kinakumaliza. Hii imeniingia. Na ile Bluefin ya MH370 si nayo ilipanda yenyewe?

#16 · Tezi_na_Omo

Ndiyo, Aprili 2014, mzamo wa kwanza kabisa. Sakafu ilikuwa na kina kuliko ramani ilivyosema, chombo kikapita kikomo chake cha mita 4,500, kikasitisha na kurudi juu bila kuumaliza mzamo. Magazeti yakaandika kama vile kimeshindwa. Mimi nilikiona kimefanya kazi yake vizuri sana. Juu palikuwa na meli inayokisubiri, hapakuwa na barafu.

#17 · Mzee_wa_Grisi

Sasa hapo mmefika kwangu. Kifaa cha kuokoa nacho kijaribiwe kwa kukizimia umeme. Si kwa kubonyeza kitufe kwenye kompyuta, la. Kata umeme wote, uone kinafanya nini. Binti, chombo chako kinapandaje kikizima?

#18 · Binti_Pangani

Shikamoo babu. Kuna uzito wa risasi chini ya tumbo, umeshikwa na kipande cha waya mwembamba. Kompyuta ikiamuru, umeme unapita kwenye waya ndani ya maji ya chumvi, waya unalika hadi unakatika, uzito unaanguka.

#19 · Mzee_wa_Grisi

Marahaba mjukuu wangu. Na betri ikifa?

#20 · Binti_Pangani

...Hauanguki.

#21 · Tezi_na_Omo

Mzee kanitangulia. Waya wa kulika unahitaji umeme ili uokoe. Sumaku ya umeme inahitaji umeme ili ishike. Umeme ukikata, inaachia. Kwenye maji ya mita 15 tumia sumaku, au waya wenye betri yake ndogo na saa yake, mbali kabisa na betri kubwa. Sumaku inakula umeme safari nzima, na itakuangushia uzito siku ambayo hukutaka. Hasara hiyo beba.

Kwenye jedwali lako ongeza mistari miwili: "uzito haukuanguka ulipotakiwa" na "uzito umeanguka usipotakiwa". Wanafunzi wengi wanaandika wa kwanza tu.

#22 · Kichwa_Ngumu

Wa pili kwake una madhara gani? Kitaelea tu, watakichukua.

#23 · Binti_Pangani

Tutajaribia karibu na mlango wa mto, kaka. Kuna mashua za wavuvi na boti za watalii za mwendo kasi. Kikichomoka chini ya boti, au kikaelea jioni hakuna anayekiona, kitagongwa au kitamgonga mtu.

#24 · Mzee_wa_Grisi

Basi kisipande chenyewe. Kikikosea kizime mota, kikae chini kwenye matope, mtakizamia kesho na kamba. Mita 15 mzamiaji yeyote anafika.

#25 · Tezi_na_Omo

Hapo sikubaliani nawe mzee. Mdomo wa mto una mkondo, na maji yakitoka chombo kisichovuta hakikai kilipolala. Kikizama bila taa na bila mlio wa kutafutia, kesho huna pa kuanzia. Mimi ningekipandisha, lakini kwanza kisimamishe rafadha, kiwe chepesi kwa kiasi kidogo tu kipande polepole, kiwe na taa ya kumweka na rangi ya machungwa mgongoni, na boti yenu iwe juu yake muda wote wa jaribio. Majaribio yafanyike maji yakiwa yamejaa na yametulia, kabla mkondo haujageuka.

Na ile ya kuona kosa mara tatu, kagueni mara kumi kwa sekunde badala ya mara moja kwa sekunde mbili. Mara tatu itabaki tatu, ila itakuwa karibu theluthi moja ya sekunde. Kelele za sensa mzichuje kwingine.

#26 · Mzee_wa_Grisi

Mlio wa kutafutia aweke. Kulala kwenye matope bado nasema ni bora kuliko kupanda kwenye boti ya mtalii.

#27 · Binti_Pangani

Nimeweka yote mawili kwenye mti, tawi la kupanda na tawi la kulala, kila moja na sekunde zake. Jumatatu namwonyesha msimamizi. Zao la kuzidisha nimeliacha kwenye safu ya mwisho kwa sababu fomu yake inalidai.